Moshi wa Leandra

Leandra Cutipa hakuumbiwa makalio. Ndivyo walivyomtania huku kwetu Quellopampa, milimani, tangu akiwa binti mdogo, na utani huo ulikuwa na ukweli wake, maana hakuna aliyewahi kumwona amekaa mahali mpaka kiti kikapata joto. Kiguu na njia. Chakula alikula amesimama mlangoni, bakuli mkononi, macho kwa alpaka wake, wale wanyama wa sufi wenye shingo ndefu. Siku padri alipopanda huku juu kusalisha, Leandra alisali huku vidole vikisokota sufi chini ya shuka, akidhani Mungu haoni. Mumewe Damaso, apumzike kwa amani, alizoea kusema kwamba alioa mke mmoja lakini kila mlango wa nyumba ulikuwa na Leandra wake.

Wengine walidhani ni tabia ya kuzaliwa. Haikuwa hivyo. Mama yake alimfia angali ananyonya, akalelewa kwa mke wa mjomba, mwanamke aliyehesabu kila kijiko cha supu na kukikumbusha. "Umekula? Basi inuka." Mtoto akikua kwenye nyumba ya namna hiyo, hujifunza kuinuka kabla hajaambiwa. Leandra aliinuka miaka yote, hata alipopata nyumba yake, zizi lake la mawe na kundi lake dogo la alpaka, hata pale ambapo hapakuwa tena na mtu wa kumwambia inuka.

Sasa mtu kama huyo umvunje mkono wa kulia, tena katikati ya majira ya mvua, wakati alpaka wanazaa.

Aliuvunja kwa haraka zake mwenyewe. Alimwona mbweha mlimani, na badala ya kuzunguka langoni akauruka ukuta wa zizi. Jiwe lilikuwa limelowa. Mganga wa mifupa aliunyoosha, akaufunga kwa vipande vya mbao, akamwonya asiuguse mpaka baridi kali iingie. Habari zikateremka mpaka mjini Juliaca kwa mwanawe Wilbert, na Wilbert akapiga simu. Huku kwetu simu hushika juu ya kilima tu, kwa hiyo Leandra alisimama kileleni upepo ukimpiga, akisikiliza mwanawe akimpangia maisha.

"Mama, sasa basi. Jumapili baada ya sikukuu ya Kanivali nakuja na lori. Tunawauza alpaka, unakuja kukaa na sisi."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu! Watu hukaa, Mama. Mkono mmoja utawazalisha vipi hao?"

"Nitawazalisha kwa meno."

"Mama, usinifanyie mzaha."

"Sikiliza wewe. Ukija ukakuta hata mmoja amekufa kwa sababu ya mkono huu, wapakie wote, na mimi nipakie juu yao. Si hivyo unavyotaka?"

"Unaniahidi?"

"Nimeshasema," akajibu, na akakata simu kabla hajajuta. Alijuta alipokuwa anashuka kilima.

Majirani hawakungoja kuitwa. Jirani wa karibu alikuwa Eduviges Huillca, ng'ambo ya kijito, pamoja na mumewe Nicasio. Leandra na Eduviges waliitana somo tangu Eduviges alipomshika Wilbert ubatizoni, na walikuwa wamegombana na kupatana mara nyingi kuliko mke na mume. Asubuhi moja wawili hao walifika na mafungu ya nyasi, wakapanda juu ya paa la Leandra lililokuwa linavuja, wakalifunga upya. Leandra alihangaika chini, akiwapokea na kuwapa vitu kwa mkono wa kushoto, akiwaelekeza mahali ambapo Nicasio alikuwa ameshapaona.

"Somo, keti," Eduviges alimwambia kutoka juu. "Unanitia kizunguzungu, nitaanguka, tutakuwa na mikono miwili mibovu."

Hakuketi. Wale wawili walipokwisha kwenda zao hakuweza hata kula. Paa jipya lilimkalia kichwani kuliko lile bovu. Kila alipoinua macho aliona nyasi za watu, jasho la watu, na akasikia kijiko cha mke wa mjomba kikigonga ukingo wa sufuria. Jua halijatua, akachukua jibini yake nzima, iliyokuwa imeiva vizuri, akaitia kwenye shuka, akashuka mpaka kwenye mawe ya kuvukia kijito. Eduviges alikuwa pale anachota maji.

"Hii nini?"

"Jibini."

"Macho ninayo. Ya nini?"

"Ya paa."

Eduviges aliweka ndoo chini taratibu. "Leandra. Paa tumelifunga leo. Hata mgongo wa Nicasio haujaacha kumuuma."

"Ndiyo maana nimefanya haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Ayni ya kusaidiana majirani hailipwi hivyo, unajua vizuri. Paa kwa paa, siku ya paa. Langu likivuja mwaka ujao utakuja, au mwaka wa kesho kutwa, au atakuja Wilbert nikishakufa. Anayelipwa papo hapo ni yule mnunuzi wa sufi anayekuja na mizani yake. Huyo tunamalizana naye mlangoni kwa sababu hatuna hamu naye. Sasa umekuja kunimaliza mimi?"

"Sipendi kudaiwa, somo. Unanijua."

"Basi hupendi watu!" Uso wa Eduviges ulikuwa mwekundu, na si kwa baridi. "Shukrani ya punda! Sisi tunakupandia paa, wewe unatufungia mlango na jibini. Kaa nayo."

Akabeba ndoo akaondoka. Leandra naye, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuitoa, hakuweza kuirudisha. Akaiacha juu ya jiwe. Ilibaki pale mpaka mbwa wa Nicasio alipopita na kuikata kesi mwenyewe.

Tangu siku ile hakuja mtu. Si kwa ubaya. Mtu akikuonyesha kwamba msaada wako unamchoma, utamchoma mara ngapi?

Na moshi nao uliwaambia yuko salama. Kwetu nyumba ziko mbalimbali, na kila asubuhi mtu akitoka nje kwanza hutupia jicho mapaa ya wenzake. Paa likifuka, mwenyewe mzima, endelea na kazi yako. Lisipofuka mpaka jua likashuka kutoka kileleni kufika bondeni, unaacha unachofanya, unakwenda. Hili halina mjadala, hata kwa mtu mliyenuniana. Leandra alilijua, na alilitumia. Aliwasha moto alfajiri hata asipokuwa na cha kupika. Akachanganya samadi kavu na ile iliyolowa ili moshi uwe mzito. Nicasio alisema, akiutazama kutoka ng'ambo, kwamba hajawahi kuona kiburi kinachopanda moja kwa moja hivyo.

Chini ya moshi huo Leandra hakuwa na raha hata chembe. Alizunguka kundi lake asubuhi na jioni, akiwapapasa matumbo majike wenye mimba, akiwahesabia siku, akirudi kuwapapasa tena mpaka wakaanza kumtemea mate. Kanivali ikafika, ngoma zikasikika kwa mbali kutoka kwa watu wanaowavalisha wanyama wao vishada vya sufi masikioni. Yeye aliwavalisha wake peke yake, vishada vyekundu, akifunga fundo kwa mkono na meno. Wote walikuwa wazima. Alibakiza jike mmoja tu wa kuzaa, Panti, mzee mwenye rangi ya kahawa iliyoungua, wa mwisho kati ya wale aliowachagua Damaso kwa mkono wake. Huyo akizaa salama, Wilbert atarudi Juliaca na lori tupu.

Alpaka mwenye akili huzaa asubuhi, mtoto akaushwe na jua kabla ya mvua ya alasiri. Panti alikuwa na akili maisha yake yote. Siku hiyo, Jumatano ile ya majivu, alianza kuzunguka na kulala na kuamka wakati mawingu yameshaufunika mlima.

"Wewe mama, sasa?" Leandra alimwambia. "Na asubuhi yote ulikuwa unatafuta nini?"

Mvua ya mawe ilipoanza, pua ya mtoto ilikuwa imetokeza, na mguu mmoja. Wa pili ulikuwa umekunjika ndani. Kazi hiyo kila mfugaji anaijua: mkono mmoja unamrudisha mtoto ndani kidogo, mwingine unaunyoosha mguu na kuvuta. Kidole kimoja hakivunji chawa. Leandra alipiga magoti kwenye matope, mawe ya barafu yakimgonga kofia, akafunga kitambaa kwenye ule mguu uliotoka, akaking'ata. Alisukuma kwa mkono wa kushoto na kuvuta kwa meno. Yale aliyomwambia Wilbert kwa ubishi aliyatenda huku analia.

Mtoto alitoka mzima. Panti alitoa damu, ikaendelea kutoka. Alimnusa mtoto wake mara moja, akaguna ule mguno mdogo ambao alpaka humwitia mwanawe, kisha akalaza shingo yake ndefu kwenye maji ya mvua, na Leandra hakuwa na la kufanya ila kumshika sikio lenye kishada chekundu mpaka likapoa.

Amekufa mmoja. Kwa sababu ya mkono. Alikuwa ametoa neno lake.

Usiku tuuache ulikopita. Mtoto aliupitisha kifuani mwa Leandra, ndani ya nguo, akitetemeka. Aliyakataa maziwa ya ng'ombe kwenye chupa, akayakataa kwenye kidole, akageuza kichwa kama mtu mzima aliyetukanwa. Katika kundi hapakuwa na jike mwingine mwenye maziwa ya kwanza, yale mazito ambayo mtoto asipoyapata, haishi. Leandra alijua yalipo. Ng'ambo ya kijito jike wa Eduviges alikuwa analia mguno wake tangu juzi, mtoto wake alipopigwa na baridi akafa. Hata ngozi ya yule maiti mdogo ilionekana kutoka mlangoni, imetandazwa juu ya ukuta wa Nicasio.

Ingekuwa kuvuka tu. Lakini kijito kilikuwa kimemeza mawe yote ya kuvukia, maji yanavuma hata ukipiga kelele hujisikii mwenyewe, na yeye alikuwa na mkono mmoja na mtoto kifuani. Na hata kama maji yangekuwa chini, tuseme ukweli: mdomo wake haukuwahi kujifunza kuomba.

Alfajiri alishika kiberiti kama kawaida. Samadi ilikuwa tayari jikoni. Akapiga njiti, ikawaka. Akaitazama mpaka ilipomfikia vidole, akaipuliza. Akakirudisha kiberiti rafuni, akajifunga shuka ya pili juu ya mtoto, akatoka nje kusimama mahali anapoweza kuliona paa lake mwenyewe, tupu, likisubiri.

Huo ndio ulikuwa uoga mkubwa kuliko wote aliowahi kuuonja, mkubwa kuliko siku ya Damaso. Siku ya Damaso aliogopa mauti. Leo aliogopa kwamba Eduviges hatatazama. Na kwa nini atazame? Moshi wa ng'ambo ulishapanda zamani, mwembamba, mwema, wa kupikia. Leandra alikwenda mpaka zizini, akarudi. Akaenda ukutani, akarudi. Jua lilishika kilele. Likateremka kwenye miamba. Mtoto aliacha kutetemeka, na Leandra akajua kwamba kuacha kule si kuzuri. Jua likafika kwenye nyasi za juu. Akaingia ndani, akashika kiberiti, akakiweka, akatoka. "Washa tu, mwanamke," alijisemea. "Washa, upike, umzike, ungoje lori." Jua likagusa ukuta wa zizi, likagusa bonde, na bado hakuna mtu.

Kisha akaiona kofia ikipanda kutoka kijitoni.

Eduviges alikuwa amepandisha sketi zake zote mpaka mapajani, fimbo mkononi, amelowa, na anatukana tangu mbali. "Leandra! Leandra Cutipa! Umekufa, au hiki ni kiburi kingine kipya?"

"Sijafa."

"Naona hujafa! Nimeacha uji motoni! Moto wako uko wapi?"

"Sijawasha."

"Kiberiti kimelowa?"

Mlango wa kutokea ndio huo, umeachwa wazi, na Leandra aliuona. Angesema ndiyo, heshima yake ingebaki mahali pake.

"Hapana," akasema. "Kikavu."

Eduviges aliegemea fimbo yake. Alimtazama usoni, akalitazama paa, akamtazama usoni tena, na hasira ikamtoka polepole. Leandra akafungua shuka. Kichwa kidogo cha rangi ya kahawa kilining'inia nje, macho yamefumba nusu.

"Panti?"

"Jana alasiri."

"Na ukakaa naye hivi tangu jana? Mjinga wewe! Mjinga mkubwa!" Lakini alikuwa ameshageuka, amekimbia mpaka ukingoni, mikono mdomoni, na sauti yake ikashindana na maji. "Nicasio! Lete jike! Na ile ngozi!"

Ng'ambo Nicasio akatokea, mkono sikioni. "Ngozi gani?"

"Ya ukutani!"

"Ile ni ya kofia yangu!"

"Kichwa chako hakina kitu cha kuganda! Lete!"

Nicasio alivuka na jike kwa kamba, maji yakimfika kiunoni, ngozi begani, akilalamika kila hatua. Eduviges aliikata mashimo manne, akamvalisha yatima ngozi ya mtoto aliyekufa, akaifunga tumboni kwa uzi wa sufi, ili jike anuse harufu ya mwanawe. Kisha wakamweka chini ya jike na kurudi nyuma. Jike alimtemea Nicasio mate kwanza, akanusa mgongo wa mtoto, akainua kichwa. Aliwatazama wote watatu kana kwamba anawauliza wanamwona mpumbavu. Akanusa tena, chini ya mkia, kwa muda mrefu. Leandra alikuwa anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi.

"Simama, utamtisha," Eduviges alimnong'oneza.

Akasimama. Jike akaguna ule mguno mdogo. Yatima aliyumba, akatafuta, akakosea akanyonya sufi, akatafuta tena, akapata.

Walipoingia ndani, macho ya Leandra yalikwenda yenyewe rafuni, kwenye jibini mpya. Mguu wake ulishapiga hatua.

"Thubutu," alisema Eduviges.

"Sijagusa kitu."

"Nimekuona macho."

Leandra alibaki amesimama katikati ya jiko, mkono wa kushoto umekosa kazi. Aliliuma neno, akalitafuna, na mwisho likatoka. "Somo."

"Nini tena?"

"Nywele zangu. Sijasuka tangu nilipoanguka. Mkono mmoja hausuki."

Ilikuwa kweli. Zilikuwa zimemvurugikia chini ya kofia kama sufi isiyochambuliwa. Eduviges hakumcheka. Alivuta kigoda karibu na jiko, akawasha moto kwa mkono wake, akachukua chanuo. Leandra akaketi. Kila nywele ilipokwama alitaka kuinuka, na kila alipotaka kuinuka mkono wa Eduviges ulimgandamiza bega, na hivyo hivyo mpaka misuko miwili ikaisha na kigoda kikapata joto. Machozi yalimtoka, naye akasema ni moshi.

Jumapili lori likaja. Wilbert aliteremka na kamba mpya ya kufungia wanyama. Akamkuta Nicasio analijenga upya lile jiwe la ukutani lililomwangusha mama yake, Eduviges anapika supu kwenye jiko lisilo lake, na zizini jike mwenye vishada vya kijani vya akina Huillca ananyonyesha mtoto aliyevaa ngozi mbili.

"Panti yuko wapi?"

Leandra angeweza kusema yuko mlimani. "Alikufa akizaa. Nilihitaji mikono miwili, nilikuwa nao mmoja."

Wilbert alivua kofia. Alimpenda Panti, alikua naye. Baadaye akasema kwa upole, "Mama, uliniahidi. Ahadi ni deni."

"Ni deni, mwanangu, sikatai." Leandra alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, bakuli la supu mapajani, na ndicho kilichomshtua Wilbert kuliko yote. "Nadaiwa paa. Nadaiwa maziwa ya jike yule mpaka aachishwe mtoto. Nadaiwa ukuta, na kofia ya Nicasio, na kichwa changu chote hiki ulichokiona kimesukwa. Hayo yote hulipwa siku zake zikifika, na zitafikia hapa, si Juliaca. Basi deni lako nalo lipange nyuma ya mengine."

Wilbert alimtazama mama yake wa ubatizo, akitafuta msaada. Eduviges akamkabidhi bakuli. "Kula, umekonda. Ukimaliza, panda pale unishikilie jiwe."

Alikula. Akapanda. Langoni mwa zizi palikosekana kitu cha kufungia, na Nicasio, bila kuuliza, akaichukua ile kamba mpya ya lorini, akaikata na kulifunga lango. Kamba hiyo haijarudishwa mpaka leo, na Wilbert hajaidai.